Je, Wajua? Walioshika Imani Wakati wa Dhiki Hawakuishika Peke Yao

Mkristo akifiwa, akiachishwa kazi au akiugua maradhi yasiyopata jawabu hospitalini, ndugu na majirani humwambia: "Kaza imani." Ni neno jema, na wanaolisema hulitoa moyoni. Ila mara nyingi halimwelezi mtu imani hiyo ataikazaje, hasa pale ambapo nguvu zenyewe zimekwisha na hajui kesho itakuwa na nini.

Tumekusanya hapa mambo ya kweli kutoka katika Biblia na katika historia ya Kanisa, kuanzia Karthago na Nagasaki hadi Namugongo, Rabai na Goma. Yanaonyesha Wakristo wa nyakati mbalimbali walifanya nini hasa walipobanwa. Ukiyasoma pamoja utaona jambo moja likijirudia: karibu kila aliyesimama, alisimama kwa sababu kulikuwa na mtu ubavuni mwake.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya Zaburi ni vilio?

Kitabu cha Zaburi kina zaburi 150. Wataalamu wa Biblia huzipanga katika makundi: za sifa, za shukrani, za hekima, za wafalme na za maombolezo. Kundi kubwa kuliko yote ni la maombolezo, takribani theluthi ya kitabu kizima. Humo mtu anamwuliza Mungu hali hii itaendelea mpaka lini, anamwuliza kwa nini amejificha, anamweleza machozi yake na maadui zake bila kupunguza chochote.

Nyingi kati ya zaburi hizo hugeuka kabla ya mwisho na kuelekea kwenye tumaini. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, na bado Wayahudi na Wakristo wameitunza katika kitabu chao cha sala kwa karne nyingi. Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alilia kwa maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 22.

Kwa hiyo anayemwuliza Mungu "kwa nini" hajatoka nje ya imani. Anasali sala ambayo Bwana wake aliisali. Tena zaburi hizi zilikuwa nyimbo za kusanyiko. Aliyekuwa na furaha siku hiyo aliimba kilio cha mwenzake, na siku ya msiba wake wengine walimwimbia.

Je, wajua kwamba kitabu cha Maombolezo kimepangwa kwa alfabeti?

Mwaka 586 kabla ya Kristo, majeshi ya Babeli yaliuteketeza Yerusalemu pamoja na hekalu. Kitabu cha Maombolezo kinaulilia mji huo, na ukikisoma kwa Kiswahili huwezi kuona jinsi kilivyoundwa. Kiebrania kina herufi 22. Sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina aya 22 kila moja, na kila aya inaanza kwa herufi inayofuata, toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Sura ya 3 ina aya 66, yaani aya tatu kwa kila herufi. Sura ya 5 ina aya 22 pia, lakini mpangilio wa herufi haupo tena.

Mwandishi aliuchukua uchungu usio na mpaka na kuupa mpaka: huanza herufi ya kwanza, huishia ya mwisho. Aliyelia kwa mpangilio huo aliweza kuukariri wimbo, na aliyeukariri aliweza kumfundisha mwenzake. Maneno mashuhuri kuhusu rehema za Mungu zinazokuja upya kila asubuhi hayako mwishoni mwa kitabu kama hitimisho la furaha. Yako katika sura ya 3, katikati ya kilio, na baada yake kilio kinaendelea. Kitabu chenyewe kinafungwa kwa swali ambalo halijajibiwa.

Je, wajua rafiki za Ayubu walifanya nini vizuri?

Elifazi, Bildadi na Sofari wanajulikana kwa hotuba ndefu zilizomwongezea Ayubu maumivu, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea kwa maneno yao. Lakini kabla ya kusema lolote walikaa naye chini, ardhini, siku saba mchana na usiku bila kutamka neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Wengi wetu tuliowahi kufiwa tunawakumbuka zaidi waliokuja kukaa msibani kuliko waliokuja kutueleza sababu za msiba.

Je, wajua nani alimlisha Paulo gerezani?

Waraka kwa Wafilipi una sura nne tu, na ndani yake maneno ya furaha na kufurahi yanatokea takribani mara 16. Paulo aliuandika akiwa kifungoni, asijue kama ataachiliwa au atauawa, na anakiri hivyo wazi katika sura ya kwanza.

Kinachosahaulika ni njia ambayo furaha hiyo ilipitia. Katika dola ya Kirumi mfungwa hakutegemea jela imtunze. Chakula, nguo na mahitaji mengine yaliletwa na jamaa na marafiki. Kanisa la Filipi lilikusanya msaada na kumtuma mtu aitwaye Epafrodito aupeleke. Akiwa katika huduma hiyo aliugua akakaribia kufa. Paulo anaandika kwamba Mungu alimhurumia Epafrodito, na hakumhurumia yeye tu bali na Paulo pia, asije akapata huzuni juu ya huzuni. Mtume aliyeandika kwa wingi kuhusu furaha hakuficha kwamba kumpoteza rafiki huyo kungemwumiza sana.

Je, wajua kwamba kabla ya msalaba, makaburi ya Wakristo yalichorwa nanga?

Katika makaburi ya chini ya ardhi mjini Roma, kama ya Priscilla na Domitilla, nanga ni mojawapo ya alama za zamani kabisa za Wakristo. Ilichongwa kwenye mawe ya kaburi hasa katika karne ya pili na ya tatu, wakati picha ya msalaba ilikuwa bado nadra. Asili yake ni Waebrania 6:19, panapoliita tumaini nanga ya roho. Baharia wa Lamu au Bagamoyo hahitaji kuelezwa alama hiyo: nanga hufanya kazi yake mahali ambapo jicho halifiki, na chombo huendelea kuyumba huku kimeshikwa.

Je, wajua kwamba serikali ya Roma ilitoa vyeti vya kuthibitisha kwamba mtu ametoa sadaka kwa miungu?

Mwaka 250 baada ya Kristo, Kaisari Decius aliamuru wakazi wa dola yake watoe sadaka kwa miungu mbele ya kamati ya mji au kijiji. Aliyetii alipewa cheti. Ukavu wa jangwa la Misri umetutunzia zaidi ya vyeti 40, vilivyoandikwa kwenye mafunjo. Vyote vinafanana: mtu anataja jina na kijiji chake, anasema siku zote amekuwa akiitolea miungu sadaka, na kwamba sasa, mbele ya kamati, ametoa sadaka, amemimina kinywaji na ameonja nyama. Kisha wanakamati wanatia sahihi.

Wakristo wengi walishindwa. Baadhi walikwenda kutoa sadaka. Wengine, waliokuwa na fedha, walinunua cheti bila kutoa sadaka yoyote. Mateso yalipopoa, watu hao walirudi kanisani wakilia na kuomba kupokewa. Kanisa la Karthago, katika Tunisia ya leo, likajikuta na swali zito kuliko amri ya Kaisari: tuwafanye nini ndugu zetu walioanguka?

Waliokuwa wameteswa gerezani bila kukana waliheshimiwa mno, na baadhi yao ndio walioandika barua kuwaombea msamaha walioanguka. Askofu Cypriani, ambaye mwenyewe alikuwa mafichoni wakati wa mateso, hakutaka msamaha utolewe ovyo, lakini pia hakukubali mlango ufungwe. Mkutano wa maaskofu mwaka 251 uliamua kwamba walionunua vyeti wapokewe baada ya toba, na waliotoa sadaka wapokewe wakiwa karibu na kufa. Mwaka 252, dalili za mateso mapya zilipoonekana, maaskofu wakaenda mbali zaidi: wote waliotubu warudishwe mara moja, ili vita ijayo isiwakute nje, bila chakula cha meza ya Bwana. Kule Roma, padri Novatiani alikataa huruma hiyo na kujitenga na kundi lake. Cypriani alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258.

Mkristo anayejiona amemwangusha Mungu wakati wa majaribu, aliyesema uongo ili apate mkate au aliyekwenda kwa mganga mtoto alipozidiwa, anapaswa kuijua historia hii. Kanisa lilikwisha kukabili swali lake, na jibu lilikuwa kumrudisha nyumbani.

Je, wajua kwamba Wakristo wa Japani walikaa zaidi ya miaka 200 bila padri?

Fransisko Xavier alifika Kagoshima mwaka 1549, na imani ikaenea haraka kusini mwa Japani. Mwaka 1597 Wakristo 26 walisulubiwa Nagasaki. Mwaka 1614 Ukristo ukapigwa marufuku nchi nzima, na padri wa mwisho aliyejulikana kubaki nchini aliuawa mwaka 1644. Katika eneo la Nagasaki watu walilazimishwa kila mwaka kukanyaga picha ya Kristo au ya Maria mbele ya maofisa. Aliyekataa aliteswa.

Wengi walikanyaga, kisha wakarudi nyumbani na kusali sala ya majuto. Walikuwa na mafundisho yaliyotolewa mwaka 1603 yaliyoeleza jinsi mwamini anavyoweza kujuta kikamilifu na kuomba msamaha wa Mungu mahali pasipo na padri. Maandishi hayo yalinakiliwa kwa mkono na kupita kutoka kizazi hadi kizazi.

Huko Urakami, karibu na Nagasaki, waligawana kazi. Mmoja alitunza kalenda ya sikukuu na mifungo. Mwingine alibatiza watoto. Wengine walipita nyumba kwa nyumba kupeleka habari: kesho ni siku ya kufunga, Jumapili ijayo ni sikukuu. Sala zilikaririwa zikiwa na maneno ya Kilatini na Kireno ambayo hakuna aliyekuwa akiyaelewa vizuri tena. Sanamu ndogo za Kannon, anayeheshimiwa na Wabudha kwa huruma yake, zilitumika kumkumbuka Maria bila kugunduliwa.

Tarehe 17 Machi 1865 kikundi cha wakulima wa Urakami kilifika katika kanisa jipya la Oura, Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni wa Kifaransa. Mwanamke mmoja alimsogelea Padri Bernard Petitjean na kumnong'oneza kwamba mioyo yao ni sawa na wake, kisha akauliza iko wapi sanamu ya Maria. Padri alipigwa na butwaa. Vizazi saba vilikuwa vimepita.

Furaha hiyo ilifuatwa na pigo jingine. Kuanzia mwaka 1867 watu wa Urakami walikamatwa, na zaidi ya 3,000 wakapelekwa uhamishoni sehemu mbalimbali za nchi. Zaidi ya 600 walifia huko. Marufuku iliondolewa mwaka 1873, waliobaki wakarudi na kujenga kanisa lao. Bomu la atomiki la tarehe 9 Agosti 1945 lililipuka juu ya Urakami hiyohiyo na kuua maelfu ya wazao wao. Krismasi ya mwaka huo, walionusurika waliifukua kengele ya kanisa kutoka kwenye kifusi wakaipiga. Tangu mwaka 2018, vijiji na makanisa yanayohusiana na Wakristo hao wa siri yamo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Je, wajua kwamba makanisa matatu ya Afrika yalikua baada ya walimu kuondoka?

Madagaska, mwaka 1835, Malkia Ranavalona wa Kwanza alipiga marufuku dini ya Kikristo kwa raia wake. Miezi michache tu baadaye wamisionari walimaliza kuchapa Biblia nzima kwa Kimalagasi, na mwaka 1836 wa mwisho wao wakaondoka. Biblia zilifichwa, nyingine zikafukiwa ardhini. Rasalama, mwanamke aliyekataa kuikana imani, aliuawa kwa mkuki Agosti 1837. Malkia alipofariki mwaka 1861, Wakristo walikuwa wengi kuliko alipoanza kuwatesa. Mwaka 1869 Malkia Ranavalona wa Pili alibatizwa.

Wolaitta, kusini mwa Ethiopia, wamisionari walilazimika kuondoka mwaka 1937 baada ya uvamizi wa Italia, wakiacha waamini waliobatizwa wapatao 48. Waliporudi baada ya vita walikuta waamini takribani 10,000. Viongozi wa hapo walikuwa wamepigwa na kufungwa, na jirani zao walipoona jinsi Wakristo walivyopelekeana chakula gerezani walitaka kujua ni imani gani hiyo.

Buganda, mapadri Wamisionari wa Afrika waliondoka mwaka 1882 na kuhamia Bukumbi, kusini mwa Ziwa Nyanza, katika Tanzania ya leo. Walirudi mwaka 1885. Katika miaka hiyo vijana kama Yosefu Mukasa Balikuddembe waliongoza sala na kufundisha wenzao. Mukasa aliuawa Novemba 1885, na Karoli Lwanga akashika nafasi yake. Mwezi Mei 1886, kule Munyonyo, walipojua kwamba kifo kimekaribia, Lwanga aliwabatiza mwenyewe wakatekumeni waliokuwa chini yake, akiwemo kijana mdogo Kizito. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Hadi leo mahujaji hutembea kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania na Rwanda kwenda kuadhimisha siku hiyo.

Je, wajua kwamba Rebmann alikaa Rabai miaka karibu 29 bila kurudi kwao?

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga wa kike. Makaburi yao yako upande wa bara, Nyali. Johannes Rebmann aliungana naye mwaka 1846, wakahamia Rabai. Vitabu vya shule humkumbuka Rebmann kwa kuuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Havisemi sana kwamba alibaki Rabai hata baada ya Krapf kuondoka, akazika mtoto, akazika mke mwaka 1866, na kwa miaka mingi akawa na waamini wa kuhesabika kwa vidole. Mwishowe akapofuka.

Aliporudi Ulaya mwaka 1875 hakuweza kusafiri mwenyewe. Isaac Nyondo, kijana aliyelelewa katika imani huko Rabai, ndiye aliyefuatana naye na kumwongoza njia. Mwalimu alikuwa amefika akidhani yeye ndiye mleta nuru. Aliondoka akiongozwa na mwanafunzi wake. Rebmann alifariki mwaka 1876. Rabai ikaja kuwa kimbilio la watumwa waliotoroka na waliokombolewa, na kanisa lake liko mpaka leo.

Je, wajua kwamba Mtakatifu Bakhita aliziona tena pingu zake akiwa mahututi?

Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, mnamo 1869. Alitekwa akiwa msichana mdogo, akauzwa mara kadhaa, akachanjwa mwilini kwa kisu na majeraha yake kusuguliwa chumvi. Mshtuko wa kutekwa ulimsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake. Alipelekwa Italia, na mwaka 1889 mahakama ya Venice ilitamka kwamba yeye ni mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akawa mtawa, na alisema kwamba kama angekutana na waliomteka angewapigia magoti, kwa kuwa bila wao asingemjua Kristo.

Mtu angedhani mwenye msamaha wa namna hiyo aliponywa kabisa kumbukumbu zake. Katika ugonjwa wake wa mwisho, mwaka 1947 mjini Schio, aliyaishi tena maisha ya utumwa, akamsihi mara kwa mara muuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ni mizito. Baada ya zaidi ya nusu karne ya uhuru na sala, minyororo ilirudi. Masista walikuwa kando ya kitanda chake. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, pamoja na makovu yake ya mwili na ya moyo.

Je, wajua kwamba Mama Teresa alisali karibu miaka 50 bila kuhisi chochote?

Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 ziliwashangaza wengi. Tangu alipoanza kazi kati ya maskini wa Kolkata mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi kifo chake mwaka 1997, isipokuwa kipindi kifupi mwaka 1958, alihisi giza na ukimya kila alipomtafuta Mungu. Aliamka alfajiri kusali, akaenda kwa wagonjwa, akatabasamu. Siri hiyo aliwaambia wachache: askofu wake na mapadri waliomwongoza kiroho. Mmoja wao, Padri Joseph Neuner, alimsaidia kuelewa kwamba kiu ile ya kumtamani Mungu ilikuwa yenyewe dalili ya kuwa Mungu yupo naye. Giza halikuondoka, lakini kuanzia hapo aliweza kulipokea.

Maombi yakikukaukia mdomoni, basi, usihukumu kwamba imani imekufa. Mtafute mtu mmoja unayemwamini, umweleze.

Je, wajua kuhusu ibada iliyofanyika kando ya kaburi tupu?

Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa na utawala wa Idi Amin baada ya yeye na maaskofu wenzake kulalamikia mauaji ya raia. Serikali ilikataa kuutoa mwili Kampala uzikwe. Ulipelekwa kijijini kwao Mucwini, kaskazini. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa Namirembe, karibu na la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Waumini walikuja hata hivyo. Walisimama mbele ya shimo lisilo na jeneza, wakasikia tena tangazo la Pasaka kwamba aliyetafutwa kaburini hayupo, amefufuka, wakaimba. Sanamu ya Luwum leo iko ukutani mwa Westminster Abbey, London, kati ya mashahidi kumi wa karne ya ishirini.

Je, wajua kwamba wanafunzi wa Buta walikataa kutenganishwa?

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliivamia seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, kusini mwa Burundi. Waliwaamuru wanafunzi wajigawe: Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa. Wanafunzi 40 waliuawa.

Ujasiri huo haukuzaliwa asubuhi hiyo. Nchi ilikuwa vitani tangu mwaka 1993, na seminari ilikuwa imewazoeza vijana hao kuzungumza waziwazi kuhusu hofu na makabila yao, kusali pamoja na kuishi kama ndugu. Saa ilipofika, jibu lilikuwa limeshaandaliwa kwenye bweni, mezani na kanisani.

Je, wajua kwamba kijana wa Goma aliuawa kwa kukataa rushwa ya mchele?

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa mpakani. Nje ya kazi alikuwa na jumuiya ya Sant'Egidio, akiwahudumia maibobo, watoto wa mitaani wa mji huo. Mwaka 2007 alikataa fedha alizopewa ili apitishe shehena ya mchele ulioharibika. Alijua nani angeula: maskini wa Goma, na miongoni mwao watoto aliowafahamu kwa majina. Alitekwa Julai mwaka huo, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26.

Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri mjini Roma. Wakati huo Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari, na wengi waliomfahamu walikuwa wakiishi katika hofu ileile ya kutojua kesho. Shahidi wao mpya hakufa katika uwanja wa simba. Alikufa kwa ajili ya karatasi ya forodha aliyokataa kuitia sahihi. Maelfu ya Wakristo wa kanda yetu hukutana na karatasi kama hiyo kazini, na ni rahisi zaidi kuikataa unapojua kwa majina watu ambao sahihi yako ingewaumiza.

Je, wajua kwamba jumuiya unayosali nayo ilibuniwa kwa ajili ya nyakati kama hizi?

Miaka ya 1973 na 1976, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, waliazimia kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa. Ziwe familia chache za mtaa mmoja, zinazokutana nyumbani kwa zamu, kusoma Neno na kujuliana hali. Walutheri wa Tanzania nao wana jumuiya zao za nyumba kwa nyumba, na tangu uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ushirika wa walokole umekuwa mahali pa mtu kusema wazi anguko lake na kuombewa.

Wengi tunazichukulia jumuiya hizi kama wajibu: kuhudhuria, kutoa mchango, kusomewa matangazo. Lakini ukilinganisha na yaliyotangulia, utaona kwamba kazi zile za Urakami ziko humo humo. Yupo anayekumbusha sikukuu, yupo anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza nani hakuonekana wiki hii, yupo anayekariri sala kwa ajili ya asiyeweza kusali.

Kwa hiyo "kaza imani" ni agizo la watu wawili. Ukiwa wewe ndiye uliyelegea, waambie wenzako, hata kama ni kwa kunyamaza mbele yao na kuwaacha wasali. Na ukiwa una nguvu wiki hii, usimwache aliyelegea na maneno hayo matupu. Nenda kwake, beba kilo ya unga, kaa naye, na sala ambayo yeye hawezi kuisema iseme wewe, mpaka siku atakayoweza tena kuisema mwenyewe.